Maktaba za sauti ninazozitumia kwenye filamu, na ile ninayoipenda kuliko zote

Kookaburra ni ndege wa Australia. Mlio wake ni kicheko kirefu kinachopanda na kushuka, ukiusikia mara moja huusahau. Afrika hayupo. Lakini tangu miaka ya 1930, enzi za filamu za Tarzan, Hollywood iliuchukua mlio huo ikauweka kwenye misitu ya Afrika, filamu moja ikafuata nyingine, mpaka watu wa dunia nzima wakaamini kwamba msitu wetu ndivyo unavyolia. Mimi kazi yangu ni kuhariri sauti za filamu fupi na tamthilia zinazoshutiwa Dar es Salaam, Bagamoyo na Unguja. Kila ninapofungua maktaba ya sauti mtandaoni, swali langu la kwanza ni hilo: sauti hii imenaswa wapi, na mtu aliyekulia hapa ataikubali?

Kwa kipimo hicho nazipima hapa maktaba na zana ninazofanyia kazi. Nyingi ni za bure, na moja ni ya bei ambayo kijana anayeanza anaweza kuifikia. Hakuna aliyenituma kuzisifu.

Kabla sijazitaja, niseme kwa nini nakazania jambo hili. Asubuhi ya uswahilini ina mpangilio wake. Kunguru wanaanza, wale weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 wakaenea pwani nzima. Unafuata ufagio wa chelewa uani, ndoo inayojaa bombani, muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake akipita, halafu honi ya daladala kule barabarani. Ukiweka chini ya picha hiyo asubuhi ya bustani ya Uingereza, yenye ndege wanaoimba kwa upole na upepo laini, mtazamaji wa Mbagala huenda asiweze kukuonyesha kasoro iko wapi. Atahisi tu kwamba pale si kwao, na uigizaji mzuri wote uliofanyika mbele ya kamera utapungua thamani kwa sababu ya ndege.

Nianze na Freesound, maana ndiyo ninayoifungua mara nyingi zaidi. Ilianzishwa 2005 na kikundi cha watafiti wa teknolojia ya muziki katika chuo kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, na mpaka leo wanaiendesha wao, bila matangazo ya biashara. Watu wa kila pembe ya dunia wananasa sauti zao na kuzipakia, wasimamizi wanazikagua, na yeyote aliyejiandikisha anazipakua bila kulipa. Zimo zaidi ya laki sita. Kusikiliza tu hakuhitaji kujiandikisha.

Kinachonifanya nirudi pale ni uwezo wa kuchuja. Nachuja kwa leseni, kwa urefu wa sauti, kwa aina ya faili, kwa kiwango cha sampuli (sauti imepimwa mara ngapi kwa sekunde). Kazi za video zinakwenda kwa kilohezi 48, kwa hiyo natazama hizo kwanza, ingawa za 44.1 nazo hutumika kwa kuwa programu ya kuhariri inazibadilisha yenyewe. Halafu kuna suala la bando, na hili ni zito kwetu. Faili la WAV la stereo, biti 24, kilohezi 48, linakula takriban MB 17 kwa kila dakika. Mvua ya dakika kumi ni MB 170 na zaidi, na huenda ukagundua dakika ya saba kuna mtu anakohoa. Freesound inakupa nakala nyepesi ya kusikiliza kabla. Mimi huisikiliza mpaka mwisho, picha ikicheza upande wa pili wa kioo, na ikikaa ndipo ninapopakua.

Ubora wa yaliyomo unategemea unatafuta nini. Kwa vitu, Freesound ni hazina. Mvua kwenye bati, kufuli ya mlango wa chuma, kijiko kwenye kikombe, injini ya pikipiki inayogoma kuwaka: bati ni bati, liwe la Ufilipino, la Brazil au la Kigoma. Nimetumia mvua ya bati iliyonaswa mbali kabisa na hapa katika onyesho la masika ya Temeke, na bibi yangu aliyeitazama alisema tu, “Mvua hiyo itaingia ndani.”

Kwa mimea na maji inabidi uwe mwangalifu zaidi. Ukitafuta upepo kwenye miti, nyingi utakazopata ni za majani mapana na laini ya Ulaya, yanayotoa mvumo. Minazi hailii hivyo. Makuti yanagongana, sauti yake ni kavu na ina makali, na usiku unaweza kudhani mvua imeanza. Bahari nayo ni hivyo hivyo. Fukwe za kokoto zina mngurumo wa mawe yanayoburutwa ambao kwenye mchanga wa Kigamboni hutausikia kamwe. Na ukienda upande wa mashariki wa Unguja, kule Jambiani na Paje, mawimbi yanavunjikia mbali kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo unapata mvumo usiokatika kutoka mbali huku maji yaliyo miguuni mwako yametulia. Mtu wa Jambiani akisikia wimbi linapasuka karibu na mlango wa nyumba yake atashangaa bahari imekuwaje leo.

Kwa watu, Freesound haitufai. Nalisema moja kwa moja kwa sababu nimeliona kwenye kazi za wenzangu wengi. Ukitafuta soko utapata masoko mazuri kweli, lakini watu wanaongea Kihispania, Kituruki, Kiarabu cha Moroko. Ukiiweka Kariakoo, hata ukiipunguza sana, sikio la mtazamaji litaokota neno moja na mchezo umekwisha. Adhana zipo tele, zimenaswa kwa upendo na watalii waliosimama madirishani. Lakini muadhini wa Istanbul hasomi kama muadhini wa Magomeni. Zaidi ya hapo, adhana ya Dar ni ya misikiti mingi isiyoanza kwa pamoja: mmoja amefika katikati, wa pili ndiyo anafungua, wa tatu spika yake inakoroma. Kupishana kule ndiko kunakoueleza mji. Tovuti ina ramani inayoonyesha sauti zilinaswa wapi. Ulaya imejaa vitone mpaka huioni ardhi, na pwani yetu ni ya kuhesabu.

Leseni naomba msizipuuze, hasa mnaopeleka kazi kwenye televisheni au matamasha kama ZIFF. Freesound kuna za aina tatu hasa. CC0 ni ya wazi kabisa, fanya nayo utakavyo. Ya pili inakutaka umtaje mwenye sauti, na hilo ni jambo la mstari mmoja kwenye majina ya mwisho. Tovuti yenyewe inakuandalia orodha ya sauti ulizopakua na majina ya waliozinasa, unanakili tu. Ya tatu inakataza matumizi ya kibiashara. Hapo ndipo watu wanapoanguka, kwa kudhani kwamba filamu iliyotengenezwa kwa michango ya marafiki si biashara. Ukiiuza kwa kituo, ukiiwekea matangazo YouTube, umeshafanya biashara. Mimi nimeziondoa hizo kwenye utafutaji wangu tangu mwanzo ili nisije nikaipenda sauti nisiyoweza kuitumia.

Kuna mkusanyiko mmoja ndani ya Freesound wa kutafutwa makusudi: kanda za zamani za madoido ya sauti (milio ya vitu na matukio) za Hollywood zilizokuwa zimehifadhiwa chuo kikuu cha Southern California, ambazo zimesafishwa na kupakiwa kwa leseni ya CC0. Zina mkwaruzo wa ukanda na masafa yake ni membamba. Kwa onyesho la redio ya zamani, au taarifa ya habari ya enzi za Tanganyika, hizo huhitaji hata kuzichakaza, zimeshachakaa zenyewe.

Kwa ndege siendi Freesound, naenda Xeno-canto. Ni mradi uliozaliwa Uholanzi 2005, na umekusanya milio ya spishi zaidi ya elfu kumi, kila moja ikiwa na nchi, mahali, tarehe na mara nyingi saa. Tangu 2022 wameongeza panzi na nyenje. Unaandika Tanzania, unachagua ndege, unasikia aliyenaswa Usambara au Pugu. Nilikuwa na onyesho la mkulima anayekagua shamba akitazama mawingu, na muswada ulisema tu “anahisi mvua.” Nikamtafuta dudumizi. Mlio wake wa kububujika kushuka chini, wazee wa pwani wakiusikia wanaanua vitu vyao. Hatukuhitaji mstari wa mazungumzo wala radi. Watazamaji wa Kisarawe walicheka kwa kuridhika pale walipoonyeshwa, na mwongozaji, ambaye amekulia mjini, akanigeukia kuuliza wamecheka nini.

Tatizo la Xeno-canto ni leseni, na ni kubwa. Rekodi nyingi pale haziruhusu biashara, na baadhi haziruhusu hata kubadilishwa, maana yake huwezi kuzichanganya ndani ya filamu. Waliozinasa ni wapenzi wa ndege na wanasayansi, na hilo lilikuwa lengo lao. Wengi ukiwaandikia kwa heshima, ukaeleza filamu inahusu nini na jina lao litakaa wapi, wanajibu. Vinginevyo itumie kama mwalimu: jua ndege gani analia wapi na saa ngapi, halafu nenda ukamnase mwenyewe. Dudumizi wangu mwishowe nilimnasa Pugu.

Hazina ya madoido ya BBC nitaipitia haraka. Walifungua rekodi zaidi ya elfu kumi na sita mwaka 2018, na sasa zimevuka elfu thelathini. Ubora wake ni wa juu kuliko Freesound kwa wastani, kwani zimenaswa na watu wa kazi hiyo, na kuna mahali pa kuchanganya sauti kadhaa palepale kwenye tovuti. Lakini leseni ya bure ni ya matumizi binafsi, masomo na utafiti. Kwa mwanafunzi anayetengeneza zoezi la darasani, ni nzuri mno. Kwa filamu ya kuuza, inabidi ununue leseni ya kila sauti. Mimi naitumia kusikiliza tu, kujifunza wao walimweka mnasa sauti umbali gani.

Sasa zana ya kufanyia kazi, yaani programu ya kuhariri sauti. Nimejaribu Audacity, na kwa kukata na kusafisha sauti moja moja inatosha, lakini haionyeshi picha, na sauti ya filamu bila picha mbele yako huwezi kuipanga. DaVinci Resolve toleo la bure lina ukurasa mzima wa sauti, Fairlight, tangu 2017, na ni wa kiwango cha juu. Ila programu ile inataka kadi ya picha yenye nguvu, na kompyuta nyingi za vijana wetu zinazimia ikifunguka. Ninayoitumia na ninayompendekezea kila mtu ni Reaper. Faili la kuisakinisha ni dogo sana, unalipakua kwa bando la siku. Inafanya kazi kwenye kompyuta ya zamani. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, haijakatwa kitu. Leseni ya mtu binafsi na biashara ndogo ni dola 60, kama laki moja na nusu kwa pesa yetu, unalipa mara moja, na inakuvusha matoleo makuu mawili. Kuna kitabu cha maelekezo cha bure cha mamia ya kurasa, na mafunzo ya video kwenye tovuti yao yaliyopangwa vizuri.

Kitu kimoja ndani ya Reaper kimeniokolea maonyesho mengi. Kinaitwa ReaFIR. Kama jenereta ilikuwa inavuma mkishuti, unakipa sekunde chache za mvumo wake peke yake, kabla mwigizaji hajafungua mdomo, kinazisoma, kisha unakiambia kiziondoe katika kipande chote. Usikikaze sana, maana maneno yatasikika kama yanatoka chini ya maji. Kiache jenereta kidogo, halafu weka juu yake mazingira uliyonasa palepale, sikio linaridhika. Kwa sababu hiyo nawaomba wanaoshuti: kabla ya kuondoka eneo lolote, nyamazeni wote dakika moja, kinasa kiwe kimewaka. Mwongozaji atasema muda hakuna. Mwambie dakika hiyo moja itampunguzia siku nzima ya marekebisho.

Ugumu wa Reaper ni siku za mwanzo. Menyu zake ni nyingi na hakuna kinachokushika mkono. Pia, ili video ifunguke, mara nyingine inabidi usakinishe VLC, programu ya kuchezea video, pembeni. Yote hayo yanavumilika.

Nimefika kwenye ile ninayoipenda. FilmSound.org haina sauti hata moja ya kupakua. Ni mkusanyiko wa makala na mahojiano kuhusu sauti ya filamu, uliokusanywa na Sven E. Carlsson wa Sweden, na sura yake ni ya intaneti ya zamani: maandishi, viungo, picha chache. Viungo vingine vimekufa. Kila kitu ni kwa Kiingereza, na mifano karibu yote ni ya Marekani na Ulaya. Kuhusu filamu za Afrika utapata kidogo mno. Lakini kurasa zake ni nyepesi, zinafunguka hata mtandao ukiwa unasuasua, na yaliyoandikwa humo yamebadilisha kazi yangu kuliko maktaba zote nilizotaja juu nikizijumlisha.

Anza na makala ya Randy Thom ya 1999 kuhusu kuitengeneza filamu kwa ajili ya sauti. Thom ni mtu mwenye tuzo mbili za Oscar kwa kazi hii. Hoja yake ni kwamba sauti haiwezi kuwa mapambo ya mwisho. Mwandishi na mwongozaji wanapaswa kuiachia nafasi tangu kwenye muswada, na nafasi hiyo inapatikana pale mtazamaji anaposikia kupitia masikio ya mhusika. Anaonyesha mbinu za kamera zinazofungua mlango huo: giza, picha ya karibu mno, mwendo wa polepole, chochote kinacholinyima jicho maelezo kamili ili sikio lianze kutafuta.

Niliisoma tukiwa tunaandaa filamu fupi ya mke wa mvuvi anayemsubiri mumewe usiku. Mwongozaji alitaka aonyeshe bahari, boti, mawimbi, taa za mbali, na muziki wa huzuni juu yake. Nilimtafsiria makala ile kwa mdomo, aya kwa aya, tukiwa tumekaa kibarazani kwake. Akafuta yote. Onyesho likabaki chumba, koroboi, na uso wa mwanamke. Nje zinasikika mashine za boti zinazorudi, moja baada ya nyingine. Mwanamke anaijua mashine ya mumewe. Kila inayopita siyo, unaiona shingoni mwake. Mashine hizo nilikwenda kuzinasa ufukweni alfajiri, na nikagundua kweli hazifanani: kuna inayokatakata, kuna inayopiga filimbi ikipunguzwa mwendo. Wavuvi wenyewe wakaniambia ya nani ni ipi wakiwa wamegeuzia bahari mgongo. Bila makala ya Thom onyesho lile lingekuwa mawimbi na kinanda.

Baada yake soma za Walter Murch, mhariri wa picha na sauti wa Marekani. Kuna ile ya sheria ya mbili na nusu. Akitengeneza sauti ya filamu ya THX 1138 (1971), alikuwa na roboti wanaotembea, na nyayo zao zilipaswa kuendana na picha. Roboti mmoja, lazima kila hatua ikae mahali pake. Wawili, vilevile. Walipofika watatu, akaona hakuna haja tena: jicho na sikio haviwezi kufuatilia kila mguu, mtu anasikia kundi. Jaribuni kwenye harusi ya kiswahili. Wanawake wanaingia ukumbini, viatu vya visigino kwenye sakafu ya terazo, bangili, vigelegele. Zamani ningehangaika na kila mguu. Sasa napanga hatua za bi harusi na za somo yake tu, nazipanga kwa uangalifu wote nilio nao, na waliobaki nawawekea msongamano wa nyayo ulionaswa kwa pamoja. Hakuna aliyewahi kugundua.

Murch huyo huyo anaeleza onyesho la helikopta la Apocalypse Now (1979). Alikuwa na tabaka sita za sauti tayari: maneno, risasi, milipuko, nyayo na vitu vidogo, helikopta, muziki. Zote zilipofunguliwa pamoja zikawa rundo lisiloeleweka. Ikabidi kila wakati kuwe na moja iliyopisha, na nyingine zikibadilishana zamu, mtazamaji asijue. Anazipanga kwa rangi za upinde wa mvua, maneno upande mmoja, muziki upande wa pili, madoido katikati, na anasema ukizisambaza unaweza kubeba nyingi, ukizirundika upande mmoja zitagombana. Watu wa tamthilia, hii isomeni. Ugomvi wetu wa kila siku ni muziki unaoanza onyesho linapoanza na kuisha linapoisha, juu ya maneno, juu ya feni, juu ya kunguru. Nikiombwa “dada, ongeza muziki, bado hausikiki,” mara nyingi dawa yake ni kutoa feni.

Michel Chion, Mfaransa anayeandika nadharia ya sauti ya filamu, ni mgumu zaidi. Ana istilahi nyingi na sentensi nzito, na pale kuna faharasa ya kukusaidia. Wazo lake ninalolitumia ni la sauti ya mtu asiyeonekana: kadiri usivyomwona msemaji, ndivyo sauti yake inavyoonekana kujua yote na kuwa kila mahali, na ukimwonyesha mdomo tu, uwezo huo unapungua. Hadithi zetu za mizimu na majini zinaishi humo, halafu tunaziharibu kwa kumwonyesha jini dakika ya tatu akiwa na mwangwi mzito wa kompyuta. Mfiche. Iweke sauti yake kavu, karibu na maiki, bila mwangwi wowote, kama mtu aliyekaa nyuma ya kiti chako.

Jambo la pili kwa Chion ni kwamba sauti na picha zikitokea wakati mmoja, akili inaziunganisha hata kama hazina undugu. Ndiyo maana ya kazi ya foli nzima, yaani kutengeneza kwa mkono sauti za vitu vinavyoonekana kwenye picha. Muwa mbichi ukivunjwa karibu na maiki ni mfupa. Kanga kavu ikikung'utwa ni bawa. Kwa vitu kama hivyo huhitaji maktaba ya mtu, unahitaji jiko na chumba kimya.

Kwa filamu za kihistoria, ongezeni kwenye orodha yenu maktaba ya muziki wa Afrika ya ILAM, iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954 na sasa ipo chuo kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alizunguka Tanganyika, Kenya na Uganda na gari la vifaa akinasa ngoma, zeze, marimba na nyimbo. Hizo si za bure za kutumia kwenye filamu, zinaombwa na kulipiwa, na ni haki. Lakini ukitaka kujua ngoma ya eneo fulani ilikuwa ikilia vipi kabla ya uhuru, anzia hapo, halafu mtafute mpigaji aliye hai umlipe akupigie.

Kinasa cha kuanzia kinaweza kuwa kidogo tu. Zoom H1essential iliyotoka 2024 inanasa kwa biti 32 za floti, kwa hiyo honi ya lori ikilipuka ghafla huikosi na wala haipasuki, unaishusha baadaye kwenye Reaper. Usiinunue bila kifuniko cha manyoya. Kusi ukivuma, au kaskazi, kinasa kitupu ufukweni hakinasi bahari, kinanasa upepo ukikipiga.

Na mkishanasa, zipakieni. Kwenye Freesound nimeanza kuweka za kwangu kwa leseni ya CC0: kivuko cha Kigamboni kikifungua mlango wake wa chuma, vikombe vya muuza kahawa, misikiti ya Magomeni ikipishana alfajiri, minazi ya Bagamoyo kwenye kusi. Ziandikeni maelezo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza ili zipatikane na wote, na msiishie kwenye jina la mji. Wekeni mtaa, mwezi na saa, kinasa gani, umbali gani kutoka kwenye chanzo, na kama kulikuwa na upepo. Anayetafuta usiku wa Bagamoyo atataka kujua kama ni wa masika, vyura wakiwepo, au wa kiangazi.